Kioo cha Moza

Daktari keshaandika kwenye karatasi: Moza wa Mtambile ana ukoma, atengwe na mwanawe anayenyonya.

Vuai, mfagizi wa maabara, akachungulia darubini. Kioo kilichopakwa majimaji ya Moza kizima chekundu! Miaka kumi anawaoshea wakubwa hawa vioo, anajua: asidi huondoa rangi yote, vijidudu vya ukoma tu ndivyo hubaki vyekundu. Bwana Daktari kaosha mbiombio, awahi tenisi yake.

"Asidi haikukaa vya kutosha, Bwana."

"Wewe fagia!"

Vuai akaegemeza ufagio. Akatwaa kioo cha akiba chenye majimaji ya ndewe ya sikio la Moza, akatia rangi nyekundu, akamimina asidi polepole mpaka wekundu ukaacha kuchuruzika. Akatazama. Hakuna chembe nyekundu.

"Njoo uone mwenyewe."

Daktari aliinamia darubini kitambo kizima. Bila kuinua jicho, akanyoosha mkono.

"Nipe ile karatasi."