Mikono ya Mama Mkwe

Muuguzi alipofunua shuka, godoro lilikuwa limelowa damu.

"Baba, umeukunja mguu?"

Mgonjwa akatazama pembeni. Asubuhi walimpitishia waya kwenye kinena kuzibua mshipa wa moyo, na aliambiwa alale chali, mguu umenyooka, asiinuke hata iweje. Lakini mama mkwe wake aliingia, naye angemwamkiaje akiwa amelala kama gogo? Aliinuka, akatoa shikamoo.

Muuguzi alikwisha kuegemeza mwili wote juu ya lile tundu la waya kinenani. Chini ya vidole vyake mshipa ulidunda kama kifaranga aliyeshikwa mkononi. Akaita wenzake, hakuna aliyeitika. Mashine ya kupimia moyo ikaanza kulia. Midomo ya mgonjwa ikapauka. Dripu ilitakiwa kufunguliwa upesi, na kutoka aliposimama haikufikika.

"Mama," alimwita yule bibi aliyejibanza ukutani, uso ameugeuzia dirishani. "Njoo ukandamize hapa."

"Hapo? Mwanangu, huyo ni mkwe wangu."

"Najua, mama."

"Sista, tafadhali," mgonjwa akanong'ona. "Heri nife."

"Utakufa kweli," muuguzi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Mama mkwe akaweka mkoba sakafuni. Akavua pete, akafumba macho, akanyoosha mikono, muuguzi akaipokea kwa mkono mmoja na kuiongoza.

"Kwa nguvu zako zote, mama. Usiachie."

Halafu muuguzi mwenyewe akaachia, akaikimbilia dripu.