Namba Kumi na Nne

Kristian alisonya mara ya tatu, safari hii kwa nguvu, makusudi asikike. Namba Kumi na Nne hata hakugeuka.

Tangu saa moja asubuhi walikuwa uwanja mmoja, hatua kumi baina yao, na yule mtu wa helmeti hakuwa amefungua mdomo. Shikamoo hakuna, wala habari za asubuhi. Amejifunga koti la mvua mpaka shingoni, glavu mikononi, kioo cheusi kimeshushwa usoni, mwembamba kama mwanafunzi wa sekondari. Kweli, ukungu wa Lushoto ulikuwa mzito na manyunyu yalikuwa hayajakatika, lakini tangu lini baridi ikamzuia mtu kuamkia wakubwa? Kristian alisikia kinyaa. Akatema mate kando.

Na huyo ndiye ambaye kura ilimpangia kwenda naye! Siku mbili barabarani, kilomita elfu moja na mia tano: Dar, Dodoma, Arusha, kisha kuipanda tena milima hadi nyumbani. Waendeshaji pikipiki walikwenda wawili wawili, mmoja akisinzia mwenzake amwamshe. Miaka minne Kristian alikuwa akiililia nafasi hii. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na daktari alishamwambia wazi kwamba goti lake la kushoto halitafika mwakani. Ama aende leo, ama basi tena.

Lakini kwenda na mtu wa namna ile!

Kilichomchefua zaidi ni wale vijana wengine. Kila aliyefika uwanjani alikwenda kwanza kwa Namba Kumi na Nne, akainama na kunong'ona kitu, ndipo aje kwake. Binti mmoja, Janeth, alikunja hadi magoti. Kristian akaitazama ile pikipiki kubwa, mpya, akaona ameelewa. Chuma! Vijana wa siku hizi wanaabudu chuma. Hata Shukrani, katibu wa safari, hakuona haya. Alitoka ofisini mbio na kiti, akakipeleka kule kule, akakipangusa maji kwa mkono wake mwenyewe. Mtu mzima wa goti bovu akaachwa asimame kwenye matope.

"Shukrani! Njoo hapa."

"Naam, mzee."

"Kanuni zenu zinasemaje kuhusu heshima?"

Shukrani alijikuna kichwa. "Asiyemwamkia mkubwa wake anaondolewa safarini. Si wewe mwenyewe, mzee, uliyeng'ang'ania iandikwe, kule kwenye mkutano wa Vuga?"

"Vizuri. Na nafasi yake?"

"Anaingia Omari, ndiye wa akiba. Lakini mzee, ungejua yule ni..."

"Usimtetee!" Kristian alipandisha sauti hadi wauza pea ng'ambo ya barabara wakaacha kuita wateja. "Umemsikia akiniamkia tangu asubuhi?"

"Hapana, mzee."

"Basi! Ama anatoka yeye, ama natoka mimi."

Shukrani alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ikamuudhi Kristian kupita kiasi. "Mzee wangu, si uende tu ukamsalimu, yaishe?"

"Mimi? Mimi nimfuate? Loo! Mmeharibika kweli kweli nyie watoto."

Injini zilizimwa moja baada ya nyingine. Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza sasa. Kristian akavuka matope akichechemea, akasimama mbele ya kile kiti.

"Wewe! Nani alikulea? Unamwona mtu mzima, unamkaushia kana kwamba ni gogo!" Akamgeukia katibu. "Nataka kanuni ifuatwe sasa hivi, mbele ya watu wote. Siwezi kukaa siku mbili na mtu asiye na adabu. Nitatapika njiani!"

Namba Kumi na Nne akavua glavu taratibu, moja, kisha ya pili. Akafungua kamba ya helmeti, akaiinua.

Kichwa kilichotokea kilikuwa mvi tupu. Chini yake palikuwa na uso wa bibi wa miaka sabini na ushee, makunyanzi mashavu yote, macho yamemkazia Kristian bila kupepesa.

"Naitwa Efrazia, natokea Amani," alisema bibi. "Shikamoo yako nimeisubiri tangu saa moja, mwanangu. Nilidhani labda una haya." Kisha akamwangalia katibu. "Shukrani, mwite huyo Omari."