Kidonge cha Kila Asubuhi

Mstari wa pili ulijitokeza polepole, mwekundu, kwenye kijiti cha kupimia. Fundi wa kuchomelea alikisogeza dirishani akakikodolea macho. Mstari mmoja ulimaanisha salama. Miwili ilimaanisha kuna gluteni, ile protini ya ngano inayomuumiza binti yake tumbo.

Alikuwa amepima kidonge cha vitamini. Alikisaga mwenyewe kwa mgongo wa kijiko, na unga wake ulikuwa bado umeganda kwenye vidole vyake vyenye makovu ya cheche. Kidonge kama hicho alimpa mtoto kila asubuhi kwa mkono wake, akimbembeleza, "Meza, mama, upate nguvu."

Mtoto alipozidi kukonda, fundi alimgeukia mama yake mzazi, akadai anamlisha mjukuu mkate kwa siri. Bibi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Hakusikilizwa. Alifungasha nguo zake akaondoka, na mwanawe akamwambia asikanyage tena pale.

Simu iliita. Alikuwa yeye, bibi.

"Usikate, baba," alisema harakaharaka. "Sikupigii tubishane, nimechoka kubishana. Ni kweli, nilimpa mkate."

Fundi alikitazama kijiti. "Mama..."

"Nilimpa, nimekiri. Si ndicho ulichotaka? Basi niruhusu nije nimwone, hata kama ni kwa kusimama mlangoni."