Mstari Uliogoma Kutokea

Fundi Mistari alikinyanyua kisahani hadi kwenye taa, akafumba jicho moja, akaomba. Kwa ng'ombe, mstari utokee. Kwa mbuzi si neno. Kwa punda usithubutu. Kwa paka, Mungu apishe mbali.

Haikuwa kawaida yake kuomba dua kazini. Lakini katika kisahani kile kulikuwa na majimaji ya kibonge kibichi cha nyama ya kusaga kutoka jiko la kantini ya hospitali, na mpishi wa kantini ndiye mwanamke aliyekubali, juzi tu, kuolewa naye. Vibonge vyake vilikuwa vitamu kupita kiasi na rahisi kupita kiasi, mpaka Mkurugenzi akaingiwa na wasiwasi.

"Akionekana mnyama asiyetajika," alikuwa amesema, "jiko nalifunga na mpishi namfukuza siku hiyo hiyo."

Mpishi mwenyewe alisimama mlangoni, aproni kiunoni, katulia kama maji ya mtungini. Aliyetetemeka ni mchumba wake.

"Hebu nieleze tena," Mkurugenzi alisema, akivuta kiti. "Mimi mtu wa mahesabu, haya ya maabara yananipita kando."

"Ni rahisi, mkuu. Kishimo cha katikati kina majimaji ya kibonge. Hivi vya pembeni vina seramu, maji ya damu yenye kinga: hii ya ng'ombe, hii ya mbuzi, kuku, nguruwe, punda, mbwa, paka. Vyote vinatambaa kwenye jeli usiku kucha. Seramu ikikutana na mnyama wake, hapo katikati unatokea mstari mweupe."

"Na inamjuaje?"

"Seramu zote tunatoa kwa sungura wetu. Ukimdunga sungura kitu cha ng'ombe, mwili wake unakiona kigeni, unakitengenezea kinga. Chochote cha kigeni anakipiga vita. Cha kwake tu ndicho hakigusi."

"Maskini wee," mpishi alisema, na moyo wa Fundi Mistari ukayeyuka papo hapo. Huruma hiyo ndiyo iliyomteka tangu mwanzo. Sungura wakishatoa damu vya kutosha hustaafishwa, na kanuni za maabara zinataka watafutiwe makazi mema. Hospitali nzima ilipiga chenga, kila mtu na udhuru wake. Ni mpishi peke yake aliyewapokea, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono miwili.

"Basi tusomee," Mkurugenzi alisema. "Punda?"

"Hakuna mstari."

"Mbwa? Paka?"

"Hakuna, hakuna!" Fundi Mistari nusura aruke. "Wala nguruwe!"

"Ng'ombe?"

Alikodoa macho. Akafuta miwani, akakodoa tena. "Hakuna."

"Mbuzi? Kuku?"

"Hakuna, mkuu."

"Seramu zako zimelala, bwana."

"Hazijalala. Kisahani hiki cha pili niliweka nyama ya ng'ombe ya buchani, na mstari huu hapa, mweupe pe."

Wote wawili wakageuka kumtazama mpishi. Alikuwa amejifunika uso kwa aproni, mabega yanamcheza.

"Basi, nimeumbuka," alisema kutoka ndani ya kitambaa. "Si nyama. Ni uyoga, mkuu. Uyoga wa kusaga, na bitiruti kidogo ya kutia rangi."

Fundi Mistari alikiweka kisahani mezani. Ndoa hiyo, kwaheri. Kisha akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia tangu aajiriwe. Mkurugenzi alikuwa anacheka.

"Uyoga! Ndiyo maana presha imeshuka! Daktari kanikataza nyama, nakula vibonge vyako kwa kujificha kama mwizi, kumbe nakula dawa!" Alimshika fundi viganja, akamzungusha kati ya meza mpaka chupa zikagongana rafuni. "Mama, jiko ni lako mpaka uzeeke. Na kesho wajumbe wote wa bodi wanakuja. Wapikie uyoga huo huo, kila mtu sahani mbili!"

Akatoka akipiga mluzi. Korido nzima ikasikia habari za uyoga.

Fundi Mistari alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Ajira ipo, harusi ipo, na mke mtarajiwa ana akili kuliko bodi nzima. Furaha ilimjaa mpaka akaona haya.

Mpishi alimsogelea, akamfuta machozi kwa ncha ya aproni, akamwinamia sikioni.

"Mpenzi, wajumbe ni wengi," alinong'ona. "Hakuna sungura mwingine anayekaribia kustaafu?"