Moto wa Ghorofa ya Tisa

"Polepole, Mama. Ngazi hii hulia," Nyanchama alisema. Bi Edith, asiyeona, akainua mguu juu ya zulia lisilo na ngazi yoyote.

Walikuwa kwenye fleti ya ghorofa ya tisa, mtaa wa Al Thumama jijini Doha, ndege zikishuka karibu na dirisha. Lakini kila jioni walitembea ndani ya nyumba kongwe ya Uingereza, ya mbao nyeusi na chokaa, iliyolindwa na sheria hata msumari usipigwe bila kibali. Trevor, mwanawe Bi Edith, alikuwa ameiuza. Mama yake alipozinduka hapa Doha baada ya ugonjwa, aliuliza kama yuko nyumbani. Trevor akaitikia ndiyo. Kisha akamwonya Nyanchama, aliyemwajiri kumtunza: siku Mama akijua, moyo wake hautastahimili, nawe utarudi Kisii.

Nyanchama akajifunza nyumba nzima kwa picha. Boriti zilizopinda. Dohani pana la kumeza ng'ombe. Madirisha yaliyozibwa kwa matofali na watu wa kale waliokwepa kodi ya madirisha, mabahili wakubwa wale. Akimaliza kumtembeza, alimketisha bibi mbele ya kiyoyozi na kumwambia moto umeshika vizuri. Bi Edith alinyoosha mikono, akaota moto.

Adhana ilipopaa kutoka msikiti wa jirani, bibi alitabasamu. "Kengele za kanisa zimewahi leo."

Nyanchama hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, Wakenya wenzake walikwenda kanisani mtaa wa Mesaimeer. Yeye alibaki, maana bibi haachwi peke yake. Upweke ulimkaba hasa. Akizidiwa alifungua bomba la jikoni, akalia maji yakimwagika, akanawa uso, kisha akarudi na chai.

"Umekula, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Nimekula, Mama."

"Basi nitembeze tena. Tuanzie langoni."

Siku moja Trevor alikuja kumwona mama yake. Nyanchama alipoleta trei, alimsikia kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, akisimulia jinsi paa la ile nyumba linavyohitaji fundi. Akasimama hapo hapo na trei. Trevor alikuwa mwongo mbaya, na neno moja likikosewa, kazi imekwisha.

Bi Edith alimkatiza mwanawe kwa sauti ya chini.

"Acha, Trevor. Najua tuko Doha, nimejua tangu nilipozinduka. Ila usimwambie yule binti. Anaponitembeza ile nyumba, ndipo tu simsikii akilia."