Waya wa Mashine ya Kushoto

Fundi wa kompyuta alibonyeza kitufe, ndipo macho yakamtoka pima. Alikusudia kufuta utepe wa zamani wa kuhifadhia kumbukumbu ulio kwenye mashine namba mbili. Aliandika namba moja, ile ya kushoto, na humo mlikuwa na kumbukumbu za watoto wote waliozaliwa katika hospitali moja kwa miaka ishirini. Nakala nyingine haikuwepo.

Mashine zilikuwa hospitalini, mwendo wa saa tatu kutoka ofisini kwake. Aliziendesha kwa mtandao tu. Akatuma amri ya kusimamisha, lakini kabla haijafika mtandao ukakatika.

Kabla ya kufuta, mashine hurudisha utepe mbio hadi mwanzo, ndipo huanza kufuta polepole. Hapo pana dakika mbili, hazizidi. Akampigia simu mama mfagiaji wa hospitali.

"Shikamoo mama, kimbia chumba cha kompyuta! Chomoa waya wa mashine ya kushoto!"

"Marahaba. Si wewe uliyesema nikigusa kitu humo nitakiona cha mtema kuni?"

"Nimekosa, mama yangu. Chomoa!"

Alisikia ndala zikikimbia, mlango, kisha mlio mwembamba wa utepe. Halafu kimya.

"Nimechomoa," mama alisema akihema.

"Ulipochomoa, ilikuwa bado inazunguka mbio, au ilishasimama ikaanza upya polepole?"

Mama akafikiri. Fundi alijifuta kiganja kwenye suruali.

"Mbio, mwanangu. Ilikuwa inalia kama cherehani."

Fundi akaiweka simu mezani, akaketi sakafuni.

"Haloo?" sauti iliita juu ya meza. "Mbona unalia? Nimeharibu?"