Ndimu ya Sita

Siku moja baada ya arobaini ya mumewe, Mwanakombo alichemsha kamba wabichi kwa mchaichai, akatia pilipili kichaa kumi, akakamulia ndimu tano. Ilikuwa supu ya Kithai, kali na chachu, ambayo marehemu aliipiga marufuku kabla hata ya kuionja.

“Kaka hakutaka uchachu humu ndani,” alifoka wifi yake, Shamsa, akiwa mlangoni.

“Miaka thelathini nimepika alichotaka yeye. Leo napika ninachotaka mimi.”

Akanywa. Machozi yakamtiririka, ya kwanza tangu msiba.

“Alhamdulillahi,” Shamsa akashusha pumzi. “Angalau sasa unamlilia.”

Mwanakombo hakuyafuta. Alivuta bakuli karibu, akakata ndimu ya sita.